Mzee Pua na Mama Mkate

Watu walitoka mbali kuja kwenye shamba lile la mizabibu, na walikuja kwa sababu ya pua.

Si kwamba hapakuwa na mengine. Palikuwa na ghala la chini lenye mapipa ishirini na mawili, palikuwa na vyumba sita vya wageni vilivyopigwa chokaa, kila kimoja na dirisha linalotazama mizabibu, na palikuwa na chumba cha kuonjea divai chenye meza ndefu iliyochongwa na baba wa mwenye shamba. Lakini mapipa yapo kwingi, na vitanda vipo hata hospitalini. Pua ya mwenye shamba ndiyo iliyokuwa moja.

Kwa kuitazama tu usingeipa hata senti. Ilikuwa pua ya kawaida, imekaa katikati ya uso wa mzee mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Ila ilisemekana pua hiyo ikiinamia glasi, inakwambia zabibu zilichumwa asubuhi au mchana, safu ya mlimani au ya bondeni, na kama mchumaji siku hiyo aligombana na mkewe. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe, maana kwa kupiga chuku alikuwa hajambo. Watu wakamwita Mzee Pua, jina likamganda.

Sasa, ukweli ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa miaka mitatu.

Ilikwenda na homa. Nyumba nzima ilikohoa wiki mbili, kisha wote wakapona, na Mzee Pua naye akapona kila mahali isipokuwa pale panapomlisha. Asubuhi moja alishuka ghalani, akachota divai, akainusa, akamwita mkewe kwa hasira na kumwuliza ni nani aliyetia maji kwenye pipa. Mkewe akanusa. Ilikuwa divai, tena divai ya kujivunia, inanukia mpaka kwenye ngazi.  Mzee alimtazama usoni akaelewa, akakaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni. Daktari alisema itarudi yenyewe. Daktari alikuwa mtu wa matumaini.

Tangu siku hiyo, aliyeamua zabibu zichumwe lini, pipa lipi lichanganywe na lipi, na chupa zipi zitoke, alikuwa mke. Aliyetangaza alikuwa mume. Hata mtoto wao wa pekee wa kiume, aliyekuwa akisafirisha chupa, na mkwe wao, mke wa kijana huyo, aliyeendesha vyumba vya wageni na kupokea simu, hawakujua. Mzee alisema habari ikitoka shamba limekwisha, kwani nani atakaa garini kwa muda wa saa tano aje kumwona mzee asiyenusa? Wazee wa namna hiyo wapo hata kwao.

Wageni walimwita huyo mke Mama Mkate, na sisi tumwite hivyo hivyo, ingawa mwenyewe halipendi jina hilo, na mkate wenyewe haoki. Unanunuliwa. Walimwita hivyo kwa sababu kila wakati wa kuonja alikaa mwisho wa meza na mkate, kisu na ubao, akikata vipande vya kusafishia kinywa kati ya divai na divai. Mama mnyamavu, wanasema, hana makuu. Laiti wangejua. Kipande kimoja kwenye sahani ya Mzee maana yake divai bado changa, isifu kwa kipimo. Vipande viwili maana yake imeiva, piga chuku uwezavyo. Akimwekea ganda la mwisho wa mkate, lile gumu lisilopendwa na mtu, maana yake mambo yameharibika, kwa hiyo simulia habari za marehemu babako upesi na upitishe chupa nyingine. Mzee alikuwa akitupa jicho moja kwenye sahani, kisha anafumba macho yote mawili, anavuta pumzi ndefu juu ya glasi, na kuanza kusema mambo ya ajabu. Ungelia.

Miaka thelathini na minne nyuma, alipoolewa, Mama Mkate hakujua divai na juisi zinatofautiana wapi. Mzee ndiye aliyemfundisha. Kila jioni alimwekea glasi mbele: "Nusa. Unapata nini?" Akisema "sipati kitu," anaambiwa anuse tena. Mwanafunzi akamzidi mwalimu kabla hata mwalimu hajaugua, na wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitamka. Mama Mkate hakutaka sanamu yake ijengwe getini. Alitaka jambo moja, akalisema wazi baada ya mavuno ya mwaka jana, wakiwa wawili ghalani.

"Nataka useme," alimwambia. "Mara moja tu. Mbele za watu, kwa mdomo wako: pua ya nyumba hii ni ya mke wangu."

Mzee alikuna kidevu. "Siku atakayokuja yule mwandishi, nitasema."

Mwandishi huyo alikuwa bwana mmoja anayetoa kitabu kila mwaka cha mahali pa kulala na pa kunywa. Akikusifu, vyumba vyako havikauki wageni. Akikuponda, unaweza kufuga kuku humo. Alikuwa hajawahi kufika kwao, kwa hiyo Mzee aliona ameahidi jambo la mbali. Mwezi wa nne mkwe akaja mbio na simu mkononi: bwana mwandishi anakuja Ijumaa, atalala siku mbili.

Alifika na begi dogo na skafu shingoni, mtu mwembamba, mpole, mwenye mikono ya kike. Siku hiyo walikuwapo pia wageni wengine wawili, hakimu mstaafu na mkewe. Jioni ile jua likiwa bado juu ya mizabibu, wakakaa wote mezani, mkwe akasimama nyuma na jagi la maji. Mama Mkate aliionja divai ya kwanza jikoni kama kawaida, akaja akaweka vipande viwili kwenye sahani ya mumewe.

Mzee Pua akafumba macho. "Hii," akasema, "imechumwa asubuhi na mapema, umande haujakauka. Safu ya juu. Inanukia kama sanduku la bibi harusi ukilifungua mwaka wa pili."

Bwana mwandishi alikuwa ameingiza pua kwenye glasi mpaka nyusi. Akatoka taratibu. "Naam," akasema. "Sanduku. Mbao na kitambaa. Umenitangulia, mzee."

Divai ya pili ikapewa kipande kimoja. Mzee akasema ni msichana ambaye bado hajajua kutembea na viatu virefu. Mwandishi akasubiri, akaonja, akasema kweli, miguu haijatulia. Ya tatu hivyo hivyo. Mama Mkate, ambaye kazi yake ilimzoesha kutazama kuliko kusema, aliona kwamba mwandishi hatangulii hata mara moja. Lakini hakutilia maanani, moyo wake ulikuwa kwingine. Aliingoja ahadi yake.

Nafasi ikaletwa na mke wa hakimu, bila kujua. Mwanamke huyo alikuwa na tabia nzuri ya kuwaona watu wa pembeni. "Na wewe mama," akauliza, "divai hii unaionaje?"

Meza ikageuka. Mama Mkate akamtazama mumewe. Sasa, alimwambia kwa macho. Mlango umefunguliwa, ingia.

Mzee Pua alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. "Huyu?" akasema, akicheka kicheko chake kikubwa. "Huyu ni wa mkate. Ya divai niachieni mimi!"

Wakacheka wote. Mama Mkate naye akatabasamu, kwa kuwa ni mke wa mwenye nyumba na mgeni njoo mwenyeji apone, ila kisu kilipita kwenye mkate kikaingia kwenye ubao kikanasa. Baadaye alimkamata Mzee stoo, kati ya magunia ya vizibo.

"Ahadi ni deni," alisema.

"Kesho, mama. Kesho alasiri. Leo ndiyo kwanza wamefika, hata hawajazoea."

"Hawajazoea nini? Ukweli?"

"Usinikabe koo mbele ya wageni."

"Wageni wako wapi humu? Hapa tupo mimi na wewe na vizibo."

Mzee alisema tena kesho, akatoka kinyumenyume. Aliumia sana mama yule, wala hatutapunguza. Haikumuuma kwamba alinyamaza, maana kunyamaza ameshakuzoea. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa na njia mbili, kunyamaza na kusema, akatafuta ya tatu ya kumcheka.

Asubuhi ya Jumamosi alibandika maziwa ya chai jikoni, akatoka uani kuchukua mayai. Bwana mwandishi alikuwa ameamka mapema, akaomba kukaa kwenye meza ya jikoni asome gazeti, kwa kuwa hapo pana mwanga. Mama Mkate akakutana na mkwe uani, wakazungumza habari ya mashuka, mazungumzo yakanoga. Ghafla harufu ya maziwa yanayoungua ikamfikia Mama Mkate, ile harufu mbaya inayoingia kwenye nguo na kukaa siku tatu. Hakimu akafungua dirisha la chumbani kwake akauliza kama kuna moto. Mama Mkate alikimbia, mayai mkononi.

Jikoni moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa meza. Bwana mwandishi, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, alikuwa amelipa jiko mgongo, anageuza ukurasa wa gazeti na kupangusa miwani yake akidhani imeingia ukungu.

Mama Mkate alizima moto. Akaweka mayai. Akafungua madirisha. Kisha akasimama, akamtazama mgeni yule kwa muda, na mambo yakaanza kujipanga: ile pua kuzamishwa mpaka nyusi, ule mtindo wa kungoja, pilipili aliyoimimina jana usiku kwenye supu mpaka mke wa hakimu akapiga chafya. Hizo dalili alikuwa amelala nazo kitanda kimoja miaka mitatu.

"Tangu lini?" akauliza.

Mwandishi alikunja gazeti. Alikunja tena, likawa dogo kama barua. "Mwaka na nusu," akasema. "Ilikuwa homa. Mama, nakuomba. Nina kitabu cha kutoa mwezi wa sita."

"Na mashamba yote uliyoyaandika mwaka huu?"

"Huwa nakaa karibu na mwenye shamba. Nasikiliza anavyosema." Alijikaza, akatabasamu kinyonge. "Ndiyo maana nilifurahi sana kuja huku. Nilijua hapa nitasikiliza pua iliyo bora kuliko zote."

Mama Mkate ilibidi ashike meza. Kumbe hii ndiyo hali ya mambo! Mume anasoma sahani, mgeni anamsoma mume, kitabu kinamsoma mgeni, na nchi nzima inasoma kitabu. Na mwisho wa mnyororo wote huo kuna mwanamke na mkate wa kununua. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwandishi alidhani anachekwa, akainama.

"Mzee asijue," mgeni alibembeleza. "Mtu kama yeye atanidharau. Lakini wewe mama, nimeona unaonja jikoni kabla hujaleta. Naomba unisaidie. Leo alasiri, ikiwa nzuri kohoa mara moja. Ikiwa mbaya kohoa mara mbili. Ni hivyo tu."

"Nikohoe," alisema Mama Mkate.

"Kidogo tu."

 Mama Mkate alikwenda kusugua sufuria, na katika kusugua akakata shauri. Mmoja anataka mkate, mwingine anataka kikohozi. Leo hawatapata mkate wala kikohozi. Atakayetaka kujua atauliza kwa mdomo, kama watu wanavyoulizana njia.

Saa tisa alasiri wakakaa tena mezani. Mama Mkate akaweka mkate katikati ya ubao, mzima, haujaguswa, na kisu pembeni yake. Akakaa, akaweka mikono mapajani. Mzee aliuona ule mkate akadhani mkewe amechelewa tu.

Hapo bwana mwandishi, labda kwa kutaka kuonekana mtu wa kazi, akasema leo wasionje za chupa. Angependa moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Mzee akampeleka ghalani. Walishuka wawili, wakapita kwenye safu ya mapipa, na mwandishi akasimama mbele ya pipa la saba. Lilikuwa na alama kubwa ya msalaba iliyochorwa kwa chaki.

"Hili limewekewa alama," alisema. "Ni la pekee, nadhani?"

Alama hiyo aliiweka Mama Mkate Jumatano. Kizibo cha pipa la saba hakikukaa sawasawa, hewa ikaingia, divai ikachachuka ikawa siki, tena siki ya kusafishia vyombo. Aliliwekea alama litolewe Jumatatu, na akamwambia mumewe. Ila alimwambia wakati redio inatangaza mpira, yaani hakumwambia.

"La pekee sana," alisema Mzee Pua, ambaye hajapata kukiri mbele ya mgeni kwamba kuna kitu shambani mwake asichokijua. Akatumbukiza mrija, akachota, akajaza jagi.

Mama Mkate alijua kabla hawajamaliza kupanda ngazi. Harufu iliwatangulia mlangoni. Mkwe wake, aliyekuwa na mafua tangu juzi, akapokea jagi akawamiminia wote bila wasiwasi.

Hapo ndipo shetani alipomjia mama wa watu, wala hakuja na mapembe, alikuja na hoja. Kata vipande viwili, alimwambia. Viwili tu, ukohoe mara moja. Usikie watakavyoisifu siki. Iandikwe kitabuni, wageni waje wanunue, wanywe, wakunje sura, na Mzee Pua ajue kazi ya mtu wa mkate. Mkono wake ulifika mpaka kwenye mpini wa kisu. Lakini divai ya nyumba ile ilikuwa yake, miaka mitatu ya jasho lake, na kuichafua ilikuwa kama kumtukana mtoto wa kumzaa ili kumkomoa baba. Akarudisha mkono mapajani.

Hakimu alikunywa kwanza. Alikuwa mtu aliyesikiliza mambo mazito miaka arobaini bila kubadilisha sura, na hakubadilisha. Shingo tu ndiyo iliyoruka. Mkewe akanywa, macho yakamjaa maji. "Ina nguvu," alisema kwa sauti nyembamba, kisha akamtazama Mzee Pua amwambie kama amepatia.

Mzee alitazama sahani yake. Tupu. Akatazama mkate. Mzima. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dirisha. Akainua glasi, akaizungusha, akainusa kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunusa kitu chochote. Mwandishi naye alikuwa akizungusha yake, jicho moja kwa Mzee, jicho jingine kwa mama. Akakohoa yeye mwenyewe kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake. Mama Mkate akaendelea kuhesabu mizabibu dirishani.

Wanaume wale wawili walizungusha glasi mpaka ikawa aibu. Hakuna aliyetaka kutangulia. Nzi alitua kwenye ukingo wa glasi ya Mzee, akaondoka haraka.

"Mama," alisema Mzee Pua hatimaye, chini chini.

"Abee."

"Hii ikoje?"

"Unaniuliza mimi?" Mama Mkate aligeuka. "Mimi si wa mkate?"

Mke wa hakimu akacheka kidogo, akijua utani wa wanandoa. Mzee hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, chini kidogo ya ile pua maarufu.

"Nakuuliza wewe," alisema. "Niambie."

Hakuhitaji hata kuinua glasi. "Ni siki," alisema Mama Mkate. "Pipa la saba. Kizibo kiliachia, nikaliwekea chaki litolewe Jumatatu. Nilikwambia Jumatano, ukaniambia goli."

 Mkwe akaweka jagi chini polepole. Halafu bwana mwandishi, ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa na sifa ya "mwili mpana" kwenye ncha ya ulimi, akaruka kwenye kiti chake kama aliyechomwa na mwiba.

"Mtihani!" akapiga kelele. "Mzee ametupima! Ametuletea siki makusudi, aone nani ana ujasiri wa kusema! Na sote tumenyamaza, isipokuwa mama!"

"Loo!" alisema hakimu, akivuta pumzi ya mtu aliyeachiwa huru. "Nilijua. Nilijua kuna jambo."

"Mie nilitaka kusema!" akasema mkewe.

Wakampigia makofi Mzee Pua. Mama Mkate aliona jinsi mlango ulivyofunguliwa mbele ya mumewe, mlango mpana, una zulia. Alimjua mtu wake. Angepita humo akiwa ameinua mikono, angesema ehee mmenigundua, na habari ingekwisha. Akaanza kusimama ili aende jikoni asiyaone.

"Kaa, mama," alisema Mzee. Akasimama yeye. "Jamani, acheni makofi. Sikumpima mtu. Mimi sinusi."

Makofi yakakoma.

"Miaka mitatu sasa sinusi kitu. Homa ilipita na pua yangu. Ile mnayokunywa hapa tangu jana, na ile mnayonunua mjini, na yote iliyosifiwa, ni ya huyu. Yeye ndiye anaonja, mimi napayuka. Pua ya nyumba hii ni ya mke wangu."

Sauti ilimkatika mwishoni.  Mama Mkate alikuwa amelingoja neno hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja hakujua aliweke wapi, akabaki ameushika ule mkate kwa mikono miwili.

Aliyeanza kucheka ni mke wa hakimu. Alicheka kwa furaha safi, bila ubaya. Hakimu akafuata, akapiga meza. "Mzee Pua hanusi!" akasema. "Ebo! Na mimi sijui sheria!" Mkwe naye akacheka, mkono mdomoni. Lakini aliyecheka kuwashinda wote alikuwa bwana mwandishi, ambaye, mbali na mama, ndiye peke yake aliyejua kwamba mzee yule anasema kweli tupu, maana ugonjwa huo anao mwenyewe.

"Ni kweli!" Mzee alipaza sauti. "Mnadhani natania? Leteni kitunguu!"

Mkwe akaleta kitunguu, akijipangusa machozi ya kucheka. Mzee Pua akakimenya, akakinusa kwa nguvu, akasema "hakuna kitu," akaking'ata kama tofaa, akatafuna, machozi yakimbubujika. "Hakuna kitu! Naona maji tu!" Hakimu aliteleza kwenye kiti. Mkewe aliomba basi, mbavu zinamuuma. Mama Mkate alimtazama mumewe akitafuna kitunguu mbele ya watu, analia, na alijua kwamba si machozi yote yale ni ya kitunguu. Hajapata kumpenda mtu vile, wala kumhurumia.

Kesho yake mwandishi alipokuwa anaingiza begi garini, Mama Mkate alimfuata.

"Wewe ulimwamini," alisema.

"Nilimwamini."

"Utaandika?"

Bwana mwandishi aliirekebisha skafu yake. "Mama, nikiandika kwamba kuna mtu wa divai asiyenusa, watu watauliza nilijuaje. Wataanza kuniangalia na mimi." Alimshika mkono kwa heshima ya kweli. "Lakini nimeandika mzee ni mnyenyekevu. Bingwa wa namna ile, anamwachia mkewe neno la mwisho! Nimeandika kurasa tatu."

Kitabu kikatoka mwezi wa sita, na vyumba vikajaa. Wageni wakafika wakiulizia ule mchezo. Mchezo gani? Ule wa kitunguu. Mkwe, ambaye kichwa chake hakilali, akaupangia saa: kila Jumamosi, saa tisa alasiri. Mama Mkate alimketisha chini akamweleza yote, neno kwa neno, tangu homa. Binti yule alisikiliza mpaka mwisho, akamkumbatia.

"Mama nawe!" akasema. "Mnaendana kweli, wewe na baba. Yeye anatania bila kuharibu, na wewe unamuunga mkono bila kucheka hata kidogo."

Basi kila Jumamosi Mzee Pua husimama mbele ya watu thelathini na kusema hanusi, divai yote ni ya mkewe, pua ya nyumba hii ni yake. Mwanzoni alisema kwa uchungu. Wiki ya tano akaongeza kituo kabla ya neno "mke", kwa kuwa aligundua hapo ndipo wanapocheka. Wiki ya nane akawa na vitunguu viwili.

"Unalalamikia nini tena?" alimwambia mkewe alipomwona amenuna. "Si ulitaka niseme mbele za watu? Nasema kila wiki. Na sidanganyi hata herufi."

Na ni kweli hadanganyi. Jumamosi moja uvumilivu ukamwishia mama. Mzee alikuwa ameshafika kwenye kitunguu, watu wanagaagaa, Mama Mkate akasimama akapiga ubao kwa kisu.

"Jamani nisikilizeni!" alisema. "Anachosema mume wangu ni kweli! Divai hii ninaitengeneza mimi! Miaka mitatu, kwa pua yangu hii! Hakuna mchezo hapa!"

 Watu walimtazama, uso wake umewaka, kisu mkononi. Kisha mtu mmoja wa nyuma akaanza kupiga makofi taratibu, wengine wakadakia, wakasimama kwa miguu yao wote thelathini wakimshangilia, na mama mmoja wa mstari wa mbele akamwambia mwenzake kwamba mzee ni hodari, lakini mkewe ndiye anayejua kuigiza.